Nilivuta Mara Mbili

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa ya mwezi wa tano, saa tano kasorobo asubuhi. Nakumbuka hadi dakika kwa sababu Meneja wa filamu alikuwa amesimama mbele yangu anaigonga saa yake kwa ukucha, tak tak tak, kama kuku anayedonoa bati.

"Fundi, watu sitini wanakusubiri wewe na sindano yako."

"Joho hili siyo la kurukia," nikamjibu.

Wacha nieleze vizuri, maana waliokuja kueleza baadaye walieleza wanavyotaka wao. Tulikuwa tunatengeneza filamu ya tatu ya Binti Radi, yule shujaa anayepaa juu ya maghorofa na kuwakamata wabaya kwa mkono mmoja. Kwenye mabango utaiona sura ya Staa, meno meupe, nywele zinapepea. Anayepaa kweli ni mwingine. Ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mabega mapana, goti la kushoto limepasuliwa mara mbili, ambaye huning'inizwa kwenye waya badala ya Staa, huangushwa badala ya Staa, na jina lake hutokea mwisho kabisa wa filamu, watu wakiwa wameshasimama wanatafuta mlango. Kazini sote tulimwita Kivuli. Mimi ndiye niliyemshonea nguo. Na mimi ndiye niliyempenda.

Binti Radi ana joho jekundu. Watazamaji wanaona moja. Kabatini kwangu yalikuwa kumi na manne, ya aina mbili. Lile la kusimamia linashonwa kwa cherehani, mishono miwili, na utepe wa turubai ndani ya kola, ili likae sawasawa begani kamera ikisogea karibu. Lile la kurukia linashikwa kwa bandi tu, ule mshono mlegevu wa mkono ambao fundi hupiga kabla ya kushona kwenyewe, ili joho likinasa mahali likatike, limwache mtu aende zake salama. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Ndiyo maana ofisi iliyabandika lebo za maandishi. Na mimi, ambaye shule niliiachia darasa la tatu, niliyawekea alama yangu: tone la uzi ndani ya kola. Mweupe, la kurukia. Bluu, la kusimamia. Miaka miwili sikukosea hata siku moja.

Siku ile lebo ilisema kurukia. Uzi ulisema bluu.

"Lebo inasemaje?" Meneja akauliza.

"Inasema kurukia, lakini uzi—"

"Uzi!" Akawageukia wenzake, akacheka. "Jamani, mnasikia? Tuna ofisi nzima ya kuandika lebo, mwenzenu anasoma uzi. Ulichanganya rangi, baba. Umri huo. Mvalishe tuendelee."

Wakacheka wote. Watu wazima, wenye shule zao, wanacheka kwa sababu mkubwa kacheka.

Nilikuja kujua baadaye kilichotokea. Jioni ya jana yake wakubwa walikuwa wametazama picha, wakasema joho la kurukia lina mikunjo begani, halipendezi. Basi mtu akachukua la kusimamia, akabandua lebo ya lile la kurukia, akaiweka kwenye hilo, akaenda kulala. Hakuniuliza. Kwao nguo ni nguo. Walichotaka ni bega lisilo na mkunjo, na aliyekuwa ndani ya hilo bega hakuwahusu.

Nikamvalisha.

Tulikuwa na kawaida yetu, mimi na Kivuli. Kabla ya kila mruko ananigeuzia mgongo, nami navuta joho mara mbili, chini kidogo ya shingo, namwambia, "Nenda urudi." Yeye hujibu bila kugeuka, "Nisiporudi utamshonea nani?" Basi. Hakuna aliyewahi kutuuliza maana yake. Walidhani ni mambo ya mafundi.

Nikavuta mara mbili. Nikasema, "Nenda urudi."

"Nisiporudi utamshonea nani?"

Wakawasha mafeni makubwa, winchi ikamnyanyua. Alipanda mita nane hivi, mikono mbele, kidevu juu, na sitadanganya, alipendeza mno. Halafu upepo ukalirusha pindo la joho hadi kwenye roda, gurudumu linalopitisha waya, likanaswa. La bandi lingekatika hapo hapo. Lile halikukatika. Nilikuwa nimelishona vizuri. Likamvuta kwa shingo, likamgeuza, likambamiza kwenye ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya mawingu.

Niliusikia mfupa. Nikamsikia na Meneja. Kwanza alisema, "Zimeni kamera." Halafu ndipo akasema, "Mshusheni."

*

Ijumaa wakaniletea karatasi. Hawakuniita ofisini, waliiacha juu ya cherehani yangu, imebanwa na mkasi wangu mwenyewe. Nikaenda nayo nyumbani, binti yangu akanisomea huku amesimama, mkoba bado begani.

"Mimi, fundi wa mavazi, nakiri kwamba nilimvalisha mrukaji joho lisilofaa, kutokana na kutoweza kwangu kusoma lebo." Akasoma tena kimoyomoyo, midomo inacheza. "Baba, hawa wanakupa na koleo ujifukie mwenyewe."

"Kutoweza kusoma?" nikasema. "Wameandika hivyo? Nililisoma hilo neno! Nililisoma mwenyewe, kwa lugha yao, hakuna aliyenisaidia!"

"Najua, baba."

"Hujui!"

Hakujua. Nilikuwa sijamwambia. Yeye ndiye aliyenileta nchi hii baada ya kumzika mama yake, akanipa chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na mwaka mzima nilikaa pale nikihesabu matofali. Kule nyumbani nilikuwa fundi. Watu waliniamkia barabarani. Huku nilikuwa baba wa fulani, anayeshuka lifti kwenda kutupa taka. Mtu anaweza kupotea hivi hivi akiwa amekaa kwenye kiti, na asijue amepotelea wapi.

Kazi ya majoho ndiyo iliyoniokota. Na ndani ya kazi, Kivuli. Siku ya kwanza aliingia chumba cha mavazi akanikuta namtukana cherehani kwa lugha ya kwetu, matusi ya kweli kweli, ya sokoni. Akaegemea mlango.

"Na mama yake je?" akauliza kwa lugha ile ile. "Umemsahau mama yake hiyo cherehani."

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye alicheka hadi akashika ubavu. Toka siku hiyo chakula cha mchana tulikula pamoja, juu ya meza ya kukatia. Akajua siwezi kusoma kwa sababu kila mara nilimwomba aniambie saa ya kuitwa, wakati ratiba imebandikwa ukutani. Kesho yake alichukua chaki yangu ya kuchorea nguo, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi, akaniuliza, "Hii umeiona wapi?" Neno moja kila mchana. Akiniona nimelipata, hulifuta kwa kiganja, halafu kiganja hicho cheupe cha chaki ananipiga nacho shavuni, polepole, kama anapiga muhuri. Jioni binti yangu huniuliza, "Baba, hiyo poda vipi?" Namwambia ni kazi.

Neno la nane lilikuwa kurukia.

"Kesho naenda hospitali," nikamwambia binti yangu.

"Wewe? Hospitali?" Akaweka mkoba chini. "Unaenda kumwona mgonjwa au mchumba?"

"Pasi umeiweka wapi?"

"Baba, nisikilize. Mama ana miaka minne tu tangu tumzike. Wewe mwenyewe uliapa pale makaburini kwamba basi, umemaliza. Leo unapiga pasi shati kwa ajili ya mtu anayeruka kwenye waya! Ukija kumzika na huyo, mimi nitakuokota wapi?"

Nikapiga pasi. Shati moja nililipiga nusu saa.

*

Mke wangu alifia kwenye benchi la korido. Asubuhi nzima tulikuwa tunamsubiri mkubwa mmoja aje kutia sahihi ili aingizwe ndani. Mkubwa alikuwa kikaoni. Alipokuja, alitia sahihi nyingine. Toka hapo sizipendi korido, sipendi harufu ya dawa ya sakafu, na mtu mwenye kalamu mfukoni namtazama kama mtu mwenye kisu.

Sasa fikiria Jumamosi hiyo nimeketi kwenye korido, karatasi ya Meneja ndani ya shati, na mlangoni pa chumba cha Kivuli amesimama kaka yake, mikono kifuani, mwili mzima umejaa kwenye mlango.

"Habari za mgonjwa, shemeji?"

"Shemeji kwa nani?"

"Basi, kaka."

"Kaka kwa nani? Wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Unanipita mitano. Ningekuamkia kama ungekuwa na adabu." Akashusha sauti, maana muuguzi alikuwa anapita. "Ndiye wewe mwenye uzi?"

"Ndiye mimi."

"Dada yangu amefika nchi hii na mifupa yake yote. Miaka kumi na moja anaruka. Kwenye moto kapita, kwenye maji kapita, goti kapasuliwa, sawa, lakini hajavunjika hata kidole. Kaja fundi na mapenzi yake ya uzeeni, bega vipande vipande, mbavu mbili, na sauti ndiyo hiyo, kama ya chura."

"Joho lilibadilishwa lebo. Waulize waliobadilisha."

"Nimewauliza. Meneja alikuwa hapa asubuhi. Kaja na maua, kaja na heshima, kaja na mkataba wa filamu ya nne. Kazi yake inamngoja hadi apone. Anachotakiwa ni kuandika tu kwamba alivalishwa vibaya na fundi. Na wewe una karatasi yako, usijifanye. Mkisaini wote, habari imekwisha. Wewe utapelekwa kupiga pasi kwenye stoo, hutafukuzwa. Meneja kaniahidi."

"Kakuahidi wewe?"

"Mimi ndiye ndugu yake!"

"Na aliyehamisha lebo anapelekwa wapi? Stoo ipi?"

Kutoka ndani ikatoka sauti kavu, inakwaruza.

"Kaka, mwache apite. Au mpigane, lakini njooni mpigane humu ndani nione."

Alikuwa amelazwa nusu ameketi, bega limefungwa, shingo ina mstari wa zambarau kutoka sikio hadi sikio. Mshono wangu huo. Upana wake naujua, sentimita mbili na nusu, ni ule utepe wa turubai. Nilisimama nikautazama, nikashindwa kutazama kitu kingine.

"Sogea," akasema. "Mbona umesimama mbali kama bwana harusi aliyelazimishwa?"

Nikasogea. Kwenye meza palikuwa na maua ya Meneja, makubwa kama mti, yamechukua nafasi yote hadi bilauri ya maji imewekwa dirishani asikoweza kufika. Nikayashusha sakafuni. Nikampa maji. Alikunywa huku ananitazama juu ya ukingo wa bilauri, yale macho yake ambayo hata akiwa na maumivu yanatafuta pa kuchekea.

"Umepiga pasi," akasema.

"Kidogo."

"Nusu saa," akasema. "Nakujua."

Kaka mtu akakohoa. "Saa za kuona wagonjwa zina mwisho. Dada, msomee karatasi yake, asaini, aende."

Hapo nikalipuka. Nilikuwa nimejiapiza sitapaza sauti mbele ya mgonjwa, lakini lilitoka tangu benchi lile la mke wangu.

"Sisaini! Mimi siandiki kwamba nimemvunja mtu ambaye nilimkinga miaka miwili! Walicheka, kaka. Unajua walivyocheka? Nimewaambia, hili siyo. Nimewaambia! Wakaniuliza lebo inasemaje, kana kwamba lebo ndiyo itakayoning'inia. Watu hao wakikosea wanakaa kikao, na kikao kikitoka huwa kimepata mtu wa chini. Meneja alizima kamera kwanza. Kamera kwanza! Halafu analeta maua. Maua haya ameyanunua kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya dhamira yake mwenyewe?"

"Wewe piga kelele," kaka akasema. "Ukishamaliza kelele, dada yangu atakula kelele? Miaka arobaini na moja anayo. Wakimwacha sasa, nani atamchukua? Kule kwetu nyumba nzima inamtazama yeye. Wewe unataka haki, sawa. Haki yako unailipia kwa bega la mtu."

Hilo lilinifika. Sitadanganya, lilinifika mahali.

"Mmemaliza?" Kivuli akauliza. Akanyoosha mkono mzima, akachukua karatasi yake iliyokuwa chini ya mto, akaitazama. "Mimi sisaini hii."

"Dada!"

"Kaka, miaka kumi na moja nimeanguka badala ya mtu mwingine. Ndiyo kazi yangu, sijalalamika. Lakini uongo nao niuangukie badala ya mtu mwingine? Hapana. Nitaandika yangu. Nitaandika lebo ilihamishwa, nitaandika na kamera. Wakinifuta filamu ya nne, wanifute." Akakohoa, akafumba macho hadi maumivu yakapita. "Sasa nenda kaniletee maji."

"Maji hayo hapo."

"Yale ya mbali."

Kaka alimtazama, akanitazama. Akachukua koti lake kitini. Mlangoni akageuka, akaninyooshea kidole, akatoka.

Tukabaki wawili na ule mti wa maua sakafuni.

Moyo wangu ulikuwa unaenda mbio kama wa kijana. Nilitaka kumshika mkono, nikaona una sindano ya maji, nikashika ncha za vidole. Vilikuwa vya baridi. Nikaanza kumweleza tena, haraka haraka, jinsi nitakavyokwenda naye kwa wakubwa hao wote, jinsi tutakavyosimama pamoja, mimi na uzi wangu, yeye na shingo yake, na tukifukuzwa tufukuzwe pamoja, nina cherehani, nina mikono, nitashona mapazia.

"Fundi," akasema. "Ngoja kidogo."

Nikangoja.

"Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenu. Nilisikia wanacheka. Sikusikia wanacheka nini. Niambie."

Nikamwambia. Nilivyofunua kola. Uzi wa bluu. Nilivyosema joho hili siyo. Meneja alivyosema soma lebo.

"Ukaisoma?"

"Nikaisoma."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Herufi kwa herufi. Sikukosea hata moja." Na hapo, Mungu anisamehe, kwenye chumba kile, mbele ya shingo ile, sauti yangu ilitoka na fahari ndani yake. Niliisikia. Naye aliisikia.

"Neno la nane," akasema.

"Neno la nane."

"Nililokuandikia mimi."

"Ndiyo."

Nje ya mlango kitanda cha magurudumu kilipita, gurudumu moja linalia. Vidole vyake havikutoka kwenye vyangu, lakini havikushika tena, vilikaa tu.

"Uliwaambia mara ngapi kwamba siyo lenyewe?"

"Mara moja."

"Mara moja," akarudia. "Wewe, ambaye kifungo kikipinda unawabishia hadi wakuone kero. Pindo likizidi nusu sentimita unasimamisha kazi ya watu sitini." Hakuwa anagomba. Afadhali angegomba. "Nitaandika nilichosema nitaandika. Hilo halibadiliki, wao ndio waliohamisha lebo na wao watalijibu. Nakuuliza la kwetu. La mimi na wewe."

"Uliza."

"Kwenye uzi ulikuwa na uhakika wa miaka miwili. Kwenye lebo ulikuwa na mchana mmoja. Halafu ukaja nyuma yangu." Akageuza uso, taratibu kwa sababu ya shingo, hadi macho yake yakakaa kwenye yangu. Safari hii hayakutafuta pa kuchekea. "Ukavuta mara mbili. Ukaniambia nenda urudi. Sitaki Meneja, sitaki ofisi, sitaki nani kacheka. Pale mkono wako uliposhika joho, Fundi, uliamini lebo, au uliona haya tu kubishana?"

Nikafungua mdomo. Karatasi ya Meneja ilikuwa inanikwaruza kifuani ndani ya shati, na kaka yake alikuwa anarudi, nazisikia hatua zake koridoni, na maji yake ya mbali. Siku tatu nilikuwa nimewauliza wakubwa wote maswali, moyoni na kwa sauti, na sikuwahi kujiuliza hilo.

Akangoja.

"Fundi? Uliamini?"